Mkono wa Shehata, Kitambulisho cha Wagdi

Tanta, 9 Mei 2015

Kwa Daktari Iqbal, Mkuu wa Benki ya Damu

"Damu uliyoitoa imepimwa mara mbili, na mara zote mbili imeonekana kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya C." Hayo ni maneno yako, Daktari, yana muhuri na sahihi, nami nayarudisha kwako kwa sababu si ya kweli.

Nimefundisha historia miaka ishirini na saba, na kila Alhamisi naandika safu katika gazeti la mkoa. Nimezoea kusoma karatasi za ofisi na kuzikuta na makosa. Lakini kumkatia maji mtu asiyehusika ni kosa moja, na kumwambia mtu, kupitia bahasha iliyofunguliwa na mke wake, kwamba ini lake linaliwa, hilo ni kosa jingine. Mke wangu ameshatenga glasi yangu. Binti yangu Nihal, anayeposwa mwezi ujao, ameniuliza kama wakwe wameshasikia.

Sikukaa kulia. Nimekwenda maabara ya binafsi, wamechukua damu kidoleni, na karatasi yao naiambatanisha. Soma mwenyewe: sina virusi vya C, wala vya B, wala ugonjwa wowote mwingine.

Mlangoni kwako umebandika ripoti kwamba katika wachangiaji damu mia mbili na arobaini wa mwezi wa Machi, kumi na wanne wana C na watatu wana B. Sasa naelewa hesabu hiyo inavyopikwa. Ukiwaandika wazima kuwa wagonjwa, utafika hata mia. Na watu wakisikia, nani atakuja tena kuketi kwenye kiti chako? Mwezi uliopita tu niliandika makala nzima kuwasuta wanaume wanaokwepa kuwatolea damu jamaa zao. Hii ndiyo shukrani yako?

Nataka barua ya kukanusha kabla ya Alhamisi. La sivyo, utaisoma safu yangu kama wengine wote.

Wagdi Abdel-Maqsud

*

Benki ya Damu, 14 Mei 2015

Ustadh Wagdi,

Pole kwa glasi. Mwambie mama wa nyumba kwamba hata angekuwa na mgonjwa wa C ndani, ugonjwa huu hauambukizwi kwa glasi, sahani wala kukumbatiana. Unapita kwenye damu. Ningekuambia hivyo ungekuja dirishani kwanza badala ya kuja na vita.

Karatasi yako nimeisoma. Ni maabara nzuri, sina ugomvi nayo. Inasema huna virusi. Nakubali, na nimefurahi. Inasema pia, kwenye mstari wa tatu ambao nadhani hukuufikia, kwamba damu yako ni kundi O.

Mfuko uliotolewa kwa jina lako tarehe 21 Machi ni kundi B. Nimeipima upya sampuli yake kwa mkono wangu, kisha nikampa mwenzangu apime bila kumwambia kwa nini.

Kwa hiyo hatuna kosa la maabara, Ustadh. Tuna mtu. Aliketi kwenye kiti namba mbili, akapandisha mkono wa kanzu, akatoa damu kwa ajili ya dada yako Nagat aliyekuwa juu anapasuliwa, akanywa juisi ya mapera, akaenda zake na virusi asivyojua kuwa anavyo. Mimi sina jina lake. Nina lako.

Sikuulizi kwa nini. Nimekaa dirishani hapa miaka kumi na sita. Hospitali inaidai familia mifuko minne, wanatakiwa ndugu wanne, mmoja kasahau kadi nyumbani, mwingine ana sababu zake, karani kachoka, masharubu yanafanana. Kila mtu anaondoka akiamini ametenda wema, na ni kweli ametenda. Ila hesabu yangu inabaki sahihi na anwani zake zinakuwa za uongo. Katika wale kumi na saba wa Machi, watano walionijibu wamekuja kama wewe, wazima kabisa, na hasira mkononi. Waliotoa damu ile wako wapi?

Mfuko wenyewe tumeuteketeza. Dada yako hakupata hata tone lake.

Sasa jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Tangu mwaka jana kuna vidonge. Si zile sindano za mwaka mzima zilizowamaliza watu. Ni vidonge vya miezi mitatu, na wengi sana wanapona kabisa. Lakini ini likishakuwa gumu, vidonge havilirudishi lilivyokuwa. Mtu wako sijui ini lake limefika wapi. Wewe unajua ni nani. Mlete.

Iqbal

*

Tanta, 16 Mei 2015

Ndugu yangu Shehata, mtoto wa ami,

Salamu kwako, kwa Mama Hisham na watoto. Hii nakutumia kwa mkono wa Sabri wa gari la maziwa, maana simu yako anapokea Mama Hisham, na akishapokea yeye, kijiji kizima kimepokea.

Nagat hajambo. Anatembea, anakula, na jana amegombana na mumewe, kwa hiyo tujue amepona. Kila siku anakutaja na kukuombea kwa siku ile.

Nasoma sana siku hizi mambo ya ini. Wataalamu wanasema watu wa rika letu, hasa waliokulia mashambani kwenye mifereji, wote wapimwe virusi vya C, hata wasioumwa chochote. Ni kipimo cha dakika chache. Nimeona si vibaya na wewe upime. Jumatatu panda uje mjini, nitakupeleka mwenyewe kwa daktari mmoja mwanamke, mtu wa maana, kisha tukale kushari pale kwa Abu Samra kama zamani.

Hakuna haraka. Lakini njoo Jumatatu.

Wagdi

*

Kafr Shalabi, 22 Mei 2015

Baba Nihal, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nilielewa, mara ya tatu nilikaa chini kando ya pampu nikaacha maji yafurike kwenye viazi vya jirani.

Wewe hujawahi kuniandikia mambo ya afya. Uliniandikia mambo ya uchaguzi, ukaniandikia kurasa nne za kumtukana mkaguzi wa elimu. Mtu haanzi ghafla kuzungumzia ini isipokuwa ini lake linamuuma. Halafu unasema hakuna haraka lakini njoo Jumatatu. Nimejua. Wewe ndiye mgonjwa, na umeshindwa kusema.

Sikuja Jumatatu kwa sababu nilitaka kwanza kuulizia. Mwalimu wa hesabu hapa, yule mwenye shemeji yake Mansura, ananiambia siku hizi madaktari wanaweza kumkata mtu kipande cha ini wakampa ndugu yake, na kipande kilichobaki kinakua tena kama majani ya barsimu tunayolisha ng'ombe, baada ya kukatwa. Nilimuuliza anayekatwa awe nani. Kasema jamaa wa karibu, mwenye nguvu, asiye na ugonjwa.

Basi, ini langu lipo. Nimeshaongea na Mama Hisham, amelia kidogo, kisha amekubali. Alisema nimepauka mwaka huu na nachoka kabla ya adhuhuri, nikamwambia ni umri na pampu, na kwamba ini ni kitu kingine. Hisham atashika shamba.

Usibishane nami kama unavyobishana na serikali. Baba zetu walizaliwa chumba kimoja. Nakutumia bata wawili kwa Sabri; wachemshwe, mchuzi wake unywe wewe tu, usimpe mgeni.

Ni lini nije kukatwa?

Shehata

*

Benki ya Damu, 1 Juni 2015

Ustadh Wagdi,

Wiki mbili na nusu. Safu yako ya Alhamisi nimeisoma. Ilihusu taa za barabarani.

Nauliza tu: umemwambia?

Iqbal

*

Tanta, 3 Juni 2015

Shehata,

Bata nimewapokea na sikuweza kumla hata mmoja.

Sikiliza, na usome barua hii peke yako. Mimi si mgonjwa. Ini langu ni zima. Mgonjwa ni wewe.

Unakumbuka tarehe 21 Machi. Nagat yuko chumba cha upasuaji, tumebakiwa na mfuko mmoja kati ya minne, na zamu ni yangu. Nilikuvuta kando nikakwambia nina vidonge vya presha, daktari amenikataza kutoa damu. Wewe ulikuwa umekuja mbio, kitambulisho umekiacha kwenye mfuko wa kanzu nyingine, na karani alikuwa amekukataa. Nikakupa changu. Uliketi kwa jina langu, ukainua mkono wako, ukanikonyeza.

Sina presha, Shehata. Naogopa sindano. Nina miaka hamsini na mbili na naogopa sindano. Juzi walinichoma kidole tu kule maabara nikalazwa kwenye benchi na msichana akanipepea na faili. Siku ile ya Nagat niliona aibu kusema hivyo, nikatafuta uongo wa karibu. Kisha Aprili nikaandika makala kwamba mkono wangu haukutetemeka, na kwamba mwanamume anayekimbia kiti cha damu asihesabiwe katika familia. Ulinipigia simu kunipongeza. Ulicheka, nikadhani unacheka kwa sababu ya siri yetu ya kitambulisho.

Barua ya hospitali ilikuja kwangu kwa sababu ya jina langu. Inasema damu ile, damu yako, ina virusi vya C. Nilijua siku ileile. Badala ya kupanda gari kuja kwako, nilimwandikia daktari kumwita mwongo. Alipogundua, nilikuandikia yale mambo ya wataalamu na kushari. Siku ishirini na tano, Shehata, nimekaa na ugonjwa wako mfukoni nikilinda makala.

Na wewe ukanipa ini.

Sikuombi msamaha sasa. Naomba kitu kimoja: njoo. Dirisha la Daktari Iqbal linafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumamosi hadi Jumatano. Kuna vidonge vipya, miezi mitatu. Njoo na kitambulisho chako. Unaweza kuja bila kuniona.

Wagdi

*

Benki ya Damu, 17 Juni 2015

Ustadh Wagdi,

Umeuliza mara tatu kama mtu wako amekuja. Siri ya anayeketi kwenye kiti changu ni yake, sikupi. Ungekuwa waziri nisingekupa.

Naweza kukwambia mambo mawili tu. Wiki iliyopita nimefuta jina moja kwenye mstari wa daftari na kuandika jingine. Na mtu mmoja aliponiona nachukua sindano aliniambia, "Daktari, huu mkono una uzoefu, umeshafanya kazi za watu wengi."

Acha kuniandikia. Subiri.

Iqbal

*

Kafr Shalabi, 2 Februari 2016

Bwana Mwandishi,

Nimekaa miezi minane bila kukujibu. Mama Hisham alisema inatosha tangu sikukuu. Nilimwambia mimi nina hesabu yangu: sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hofu, na nilikuwa na vyote viwili, vikipokezana kama walinzi.

Jana vimetoka. Daktari Iqbal ameniita, akanisomea kipimo, akanipa nishike karatasi. Hakuna virusi. Vidonge nilimaliza Oktoba, ikabidi tusubiri wiki kumi na mbili tuone kama vitarudi. Havikurudi. Ini lilikuwa limeanza kukakamaa, lakini limewahiwa. Alisema, "Miaka miwili zaidi, Baba Hisham, tungezungumza mazungumzo mengine." Nilitaka kumbusu kichwani, nikakumbuka mahali nilipo, nikabusu meza.

Sasa tuje kwako. Hasira yangu haikuwa ya sindano. Hasira ilikuwa zile siku ishirini na tano, na ilikuwa ya kuniacha nimlize mke wangu kwa ajili ya ini la mtu mzima. Hayo nimeyasema, yamekwisha, usiyajibu.

Lakini eti unakiri kwamba unaogopa sindano. Unamkiria nani? Mwenye presha gani anakula samaki wa chumvi sahani mbili kila sikukuu ya Sham an-Nasim? Nilijua siku ile pale hospitali. Nilijua kabla yake. Nilijua tangu darasa la tano.

Unakumbuka wale watu wa kichocho waliokuja shuleni na jiko na trei. Bomba la kioo moja, sindano zinachemshwa kidogo, foleni ya darasa zima. Wewe ulipita dirishani ukajificha kwenye barsimu. Mimi nilikuona. Ulipoitwa, "Wagdi Abdel-Maqsud", kimya, na mwalimu mkuu ameshika fimbo. Nikasema "Yupo." Walinichoma mkono wa pili. Siku hiyo nilitapika kwenye mfereji hadi alasiri, na wewe ulikuja kunishika kichwa ukaniuliza nimekula nini.

Sikukuambia kwa sababu ungeandika makala.

Usije ukajipa ukubwa. Najua utakavyofanya, utakaa chini useme ni mimi niliyemwambukiza. Sindano kumi na mbili za kichocho zilikuwa zangu mwenyewe, yako ilikuwa moja. Nilimuuliza Daktari, kasema hakuna atakayejua ni ipi iliyoniletea virusi, na kwamba wale watu walikuja kututibu, na kichocho kweli kilikuwa kinaua watoto. Mimi nashukuru. Namshukuru hata Nagat kwa kuugua, na nimemwambia hivyo, akanirushia kandambili. Asingepasuliwa nisingeketi kwenye kile kiti, na nisingeketi ningekufa nikidhani ni umri na pampu. Nakushukuru na wewe, mwoga. Ungekuwa na moyo wa kutoa damu yako mwenyewe siku ile, mimi ningerudi kijijini na kadi yangu iliyosahaulika na virusi vyangu.

Nina sharti moja. Wengine kumi na mmoja wa darasa letu bado wako hai hapa. Nimewapeleka mmoja mmoja. Wanne wanavyo. Mmoja wao aliwahi kutoa damu kwa kadi ya shemeji yake, na shemeji alipata barua, akapimwa, akajikuta mzima, akaichana akicheka. Miaka mitatu iliyopita, Wagdi. Ini la yule mtu limeshakuwa jiwe.

Kwa hiyo andika. Hii ndiyo makala niliyokuwa nakunyima. Na jina langu liweke kamili, nimelitumia kidogo mno.

Njoo Ijumaa. Bata yupo, na safari hii utakula.

Shehata Abdel-Rahim

*

Tanta, Alhamisi, 11 Februari 2016

Kwa wasomaji wa safu hii

Aprili iliyopita niliandika hapa kwamba mkono wangu haukutetemeka nilipotoa damu kwa ajili ya dada yangu. Ulikuwa uongo. Sikutoa. Aliyetoa ni Shehata Abdel-Rahim wa Kafr Shalabi, mtoto wa ami yangu, kwa kitambulisho changu. Damu yake ilikutwa na virusi vya C, barua ikaja kwangu, nami nikakaa nayo siku ishirini na tano ili ninyi msijue kwamba naogopa sindano. Leo amepona. Amepona kwa sababu ya daktari mmoja asiyetishika na wanaume wenye safu magazetini, na kwa sababu yeye mwenyewe ni mtu bora kuliko mimi. Wote wawili nawashukuru hapa, hadharani, mahali nilipodanganya.

Wapo watakaosema nimeiaibisha familia. Wameshaanza. Mmoja amenipigia simu akasema ugonjwa wa mtu ni sitara yake, si wa kuandikwa gazetini. Namjibu: Shehata ndiye aliyeniamuru kuandika. Na sitara iliyomfunika yule jirani yake miaka mitatu, aliyechaniwa barua yake na shemeji, ilikuwa sanda.

Jumamosi nilikwenda kwenye kiti namba mbili. Nilifumba macho, nikashikwa mkono na Shehata, nikamtukana karani, lakini nilitoa. Kundi O, kwa jina langu. Silitaji kwa kujisifu, nilikuwa nadaiwa.

Wengi wenu mnaweza kufunga gazeti sasa. Kilichobaki ni cha watu wachache, na wanajijua.

Wewe uliyepata barua kutoka benki ya damu ikakwambia una virusi, ukashangaa kwa sababu siku hiyo hukutoa damu. Wewe uliyekwenda kupima, ukakutwa mzima, ukashukuru Mungu, ukasema hospitali haijui kazi yake. Wewe uliyeificha barua nyuma ya picha ya harusi ili asiulizwe mtu chochote. Barua hiyo si yako. Ina mwenyewe. Unamjua: unajua aliketi kiti gani, alivaa nini, alikutania nini alipokurudishia kadi. Huenda jana umekunywa naye chai. Daktari amemtafuta na hawezi kumpata, kwa sababu jina lake hana. Unalo wewe.

Usimpe habari za wataalamu, usimwalike kushari. Nenda kwake leo, kabla ya Alasiri, mwambie alivyo, umchukue kwa mkono umlete dirishani.